Wino haukauki na karatasi inajikunja: nifanyeje na karatasi za sintetiki?

Mchora_Ramani aliuliza:

Ndugu wachapaji, nawasalimu nyote. Ninaomba msaada wenu katika kazi ambayo imenishinda kwa wiki tatu sasa, na ambayo ningependa kukielewa kiini chake kabla sijaharibu boksi jingine.

Nimekabidhiwa kazi ya kuchapa kadi 400 za kutambulishia mimea, kila moja ikiwa na ramani ndogo mgongoni, kwa ajili ya watu wanaofanya utafiti wa porini na kushinda mchana kutwa katika mvua, matope na jasho la mikono. Hapo awali walitumia karatasi ya kawaida iliyofunikwa kwa plastiki pande zote mbili, lakini kila walipotoboa tundu la kamba, maji yalipenya kwenye ukingo wa tundu hilo, karatasi ya ndani ikavimba na matabaka yakaachana. Ndiyo maana wakaomba karatasi ya sintetiki, ile nyeupe isiyolowa wala kuchanika kwa mkono. Nilinunua maboksi mawili kwa wauzaji wawili, na kwa kuwa karatasi zake zilifanana kwa weupe, kwa unene na kwa mguso, nilidhani nimenunua kitu kimoja.

Nilianza na printa ya leza. Karatasi za boksi la kwanza zilipita salama na tona, yaani unga wa wino wa leza, ikashika vizuri. Za boksi la pili zilikwama kwenye karatasi ya tatu. Nilipofungua mashine niliikuta imesinyaa na kujiviringisha kwenye rola ya joto kama ngozi iliyotiwa motoni, na rola yenyewe ikabidi ibadilishwe. Nikaziondoa kwenye leza nikazipeleka kwenye ofseti, yaani mashine inayochapa kwa bamba na wino wa mafuta, kwa wino uleule tunaotumia kila siku. Mchapo ulitoka mkali kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo, siku tatu baadaye wino ulikuwa bado unapakaa kidoleni, ulikuwa umehamia mgongoni mwa karatasi zilizolala juu yake, na zile karatasi zenye maeneo makubwa ya kijani kizito zilikuwa zimeingia mawimbi na kujikunja.

Ninayotaka kujua ni haya: kwa nini karatasi mbili zinazofanana zimetenda tofauti kiasi hicho mbele ya joto, kwa nini wino haukauki, na je, ofseti ndiyo njia sahihi kwa idadi ndogo kama hii?

Fundi_Ofseti alijibu:

Pole sana kwa hasara hiyo, na hongera kwa kueleza tatizo lako kwa utaratibu, kwa maana maelezo yako karibu yamejitosheleza kutoa jibu. Mimi nitashika suala la wino, ambalo ndilo ninalolifahamu. La joto nitawaachia wengine.

Neno «karatasi» ndilo lililokuponza. Kilichomo ndani ya maboksi yako ni plastiki iliyotengenezwa ifanane na karatasi, na karibu kila kanuni tuliyojifunza kwenye karatasi ya mti inabadilika pale nyuzi za mti zinapokosekana. Wino wa kawaida wa ofseti hukauka kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, mafuta mepesi yaliyomo ndani ya wino hunywewa na karatasi ndani ya dakika chache, na kile kinachobaki juu huwa kizito kiasi cha kutopakaa kirahisi. Katika hatua ya pili, ambayo huchukua saa nyingi, mafuta ya mimea na utomvu uliomo kwenye wino hushikana na oksijeni ya hewani na kuwa gamba gumu. Kwa miaka mingi sisi mafundi tumekuwa tukiegemea hatua ya kwanza bila hata kuifikiria, kwa sababu hiyo ndiyo inayotuwezesha kurundika karatasi mezani na kuchapa upande wa pili siku hiyohiyo. Kwenye plastiki hatua hiyo haipo. Mafuta hayana pa kwenda.

Nikisema hayana pa kwenda, sisemi ukweli wote, na hapo ndipo mawimbi yako yanapotokea. Ikiwa karatasi ya boksi la pili imetengenezwa kwa polipropilini au polithilini, basi yale mafuta ya madini yaliyomo kwenye wino ni jamaa wa karibu wa plastiki yenyewe, maana vyote viwili hutokana na mafuta ghafi ya ardhini. Mafuta huingia polepole ndani ya plastiki na kuivimbisha upande ule uliochapwa, na upande huo unaporefuka kuliko mwenzake, karatasi hulazimika kujikunja kuelekea upande usio na wino. Itazame tena, nina hakika ndivyo ilivyojikunja. Ndiyo sababu pia maeneo ya kijani kizito yameumia zaidi, kwa kuwa hapo umeweka wino wa buluu na wa njano kwa wingi mahali pamoja. Karatasi ambazo zimeshaingia mawimbi usitegemee zinyooke kabisa.

Dawa ya kwanza ni wino wenyewe. Upo wino wa ofseti uliotengenezwa kwa ajili ya karatasi zisizofyonza, usio na mafuta ya madini au wenye kiasi kidogo mno, ambao hukauka kwa oksijeni peke yake. Mwambie muuzaji wa wino jina kamili la karatasi yako, kwa sababu wino unaofaa poliesta si lazima ufae polipropilini.

Dawa ya pili ni nidhamu ya maji, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa kuwa watu wengi hununua wino sahihi kisha wakaulaumu bure. Bamba la ofseti hulowanishwa kwa maji ili wino ushike penye picha tu, na karatasi ya kawaida hunywa sehemu ya maji hayo. Plastiki hainywi hata tone, kwa hiyo maji yote hubaki kwenye blanketi, yaani mpira unaohamisha mchapo kutoka kwenye bamba hadi kwenye karatasi, na kurudi ndani ya wino. Wino uliochanganyika na maji mengi hukauka kwa shida. Punguza maji hadi mchapo uanze kuchafuka, kisha yaongeze kidogo tu. Pima pia ukali wa maji hayo: pH ikishuka sana chini ya 4.5, asidi huzidhoofisha zile dawa za kukaushia zilizomo kwenye wino, na utangoja wiki nzima.

Dawa ya tatu ni rundo. Oksijeni haifiki katikati ya rundo refu, kwa hiyo weka marundo mafupi, tumia unga wa kutenganishia wenye chembe kubwa kidogo kuliko ule wa karatasi nyembamba, na baada ya saa chache uyapepee kwa mikono ili hewa mpya iingie. Kabla ya yote hayo, rudi kwenye faili lako la ramani uone jumla ya wino katika maeneo mazito. Ikiwa buluu, nyekundu, njano na nyeusi kwa pamoja, kila moja ikihesabiwa hadi asilimia 100, zinafika asilimia 300, zishushe hadi kama 240, na rangi za giza zibebwe zaidi na nyeusi badala ya mkusanyiko wa rangi tatu. Kwa macho tofauti ni ndogo sana, lakini katika ukaukaji ni kubwa.

Kemia_na_Rangi alijibu:

Naunga mkono kila alichoandika Fundi. Nitajibu suala la joto, kisha nitaongeza jambo moja kuhusu uso wa plastiki, kwa sababu wino unaweza kukauka vizuri kabisa na bado ukabanduka wote kama gamba la kitunguu.

Karatasi hizi zina familia zake. Zipo za polipropilini, mfano wake maarufu ukiwa Yupo, iliyoanzia Japani, ambayo hutengenezwa kwa kuvuta utando wa plastiki pande mbili pamoja na vumbi la madini mpaka ndani yake kutokee vishimo vidogo vya hewa. Vishimo hivyo ndivyo vinavyoupa weupe wake. Zipo za polithilini, na humo kuna ndugu wasiofanana: Tyvek, ambayo ni nyuzi nyembamba za polithilini zilizoshikamanishwa kwa joto na mgandamizo, Teslin, ambayo ni polithilini iliyojaa silika na ambayo zaidi ya nusu ya ujazo wake ni hewa, na ile iitwayo karatasi ya mawe, ambayo takriban asilimia 80 yake ni chokaa ya kalisi kabonati na sehemu iliyobaki ni polithilini. Halafu zipo za poliesta, plastiki ileile ya chupa za maji.

Sasa linganisha joto. Polithilini ya aina hii huyeyuka kwenye nyuzi 130 hadi 135 za Selsiasi, na polipropilini kwenye nyuzi 165 hivi. Poliesta huvumilia hadi karibu nyuzi 250. Rola za joto za printa nyingi za leza hufanya kazi kwenye nyuzi 180 hadi 200, na baadhi huzidi hapo. Ukiziweka namba hizo pamoja utaona kwamba boksi lako la kwanza bila shaka ni poliesta na la pili ni polipropilini au mwenzake. Teslin ni ya pekee katika kundi la polithilini: silika iliyomo ndani huizuia isitiririke, nayo huweza kupita kwenye leza kwa ule muda mfupi inapogusa rola. Nyingine zote za kundi hilo zisikaribie leza kabisa, na Tyvek hasa isijaribiwe.

Njia rahisi ya kuzitambua ni kukata kipande kidogo na kukizamisha katika glasi ya maji yenye tone la sabuni, ukifuta povu la hewa lililoshikilia kwenye kingo. Polipropilini na polithilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Poliesta huzama.

La pili ni uso. Wino husambaa na kushika pale tu ambapo nguvu ya uso wa plastiki inauzidi mvutano wa wino wenyewe. Polipropilini isiyotibiwa ina nguvu ya uso ya kama daini 30 kwa sentimita (daini ni kipimo cha nguvu), na wino mwingi unataka angalau 38. Kiwandani huupitisha utando huo kwenye cheche za umeme, tunazoziita korona, ambazo hubadili kemia ya uso na kuufikisha kwenye 38 hadi 42, au huupaka tabaka maalumu la kupokea wino. Tatizo la korona ni kwamba haidumu. Karatasi iliyokaa ghalani kwa muda mrefu hupoteza tiba yake polepole, na baadhi ya karatasi hutibiwa upande mmoja tu. Zipo kalamu za kupimia zenye wino wa daini zinazojulikana: ukichora mstari na ukabaki mstari kwa sekunde chache, uso unafaa, ukijikusanya kuwa matone, haufai. Usipokuwa na kalamu hizo, dondosha tone la maji pande zote mbili na ulinganishe. Upande ambao tone linatandaa zaidi ndio uliotibiwa.

Historia ya noti za benki inalionyesha jambo hili vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 noti zilichapwa kwenye Tyvek kwa ajili ya Haiti, Costa Rica na Isle of Man, na mojawapo ya kasoro zake ilikuwa wino kutoshika sawasawa. Noti ya plastiki ya Australia ya mwaka 1988 ilitumia polipropilini angavu, lakini kabla ya kuchapwa utando huo ulipakwa kwanza matabaka ya rangi nyeupe, na wino wa picha ukalala juu ya matabaka hayo. Waliandaa uso kwanza, ndipo wakachapa, na kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko ugunduzi wenyewe wa plastiki.

Lebo_za_Mapipa alijibu:

Nina nyongeza moja kuhusu kipimo cha maji. Karatasi ya mawe huzama kwa sababu ya uzito wa chokaa, ilhali kinachoishikilia ni polithilini isiyovumilia leza. Kwa hiyo kipande kinachoelea, kisipokuwa Teslin, kinakuambia kwamba usikipeleke kwenye leza, lakini kipande kinachozama hakijathibitisha kwamba ni salama. Kwa kilichozama, lazima upate karatasi ya maelezo ya mtengenezaji yenye maneno ya wazi kwamba imekusudiwa kwa leza. Muuzaji akishindwa kukupa karatasi hiyo, usinunue.

Hata poliesta ina masharti yake. Unene wake uwe ndani ya kiwango ambacho printa imeandikiwa, mpangilio wa mashine uwe wa karatasi nzito ili rola ziende polepole na tona iyeyuke hadi chini, na karatasi zipitishwe chache chache. Umeme tuli ndio adui mkubwa hapo: hewa ikiwa kavu, karatasi hushikana mbili mbili na kuingia pamoja. Sisi huziacha zikae kwenye chumba cha mashine kwa siku nzima zikiwa bado ndani ya vifungashio vyake, ili zifikie joto la chumba, na hujitahidi unyevunyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50. Kisha huzipepea vizuri kabla ya kuziweka kwenye trei.

Mchora_Ramani aliandika tena:

Nashukuru kutoka moyoni. Nimefanya vipimo vyote viwili jioni ya leo. Kipande cha boksi la kwanza kilizama mara moja. Cha boksi la pili kinaelea hata nikikisukuma chini. Mkunjo nao uko kama Fundi alivyosema, yaani karatasi zote zimejikunja kuelekea upande usio na wino. Kuhusu tone la maji, kwenye boksi la pili upande mmoja tone lilitandaa na upande wa pili lilisimama duara kama shanga. Nimegundua kwa masikitiko kwamba ramani zote nilikuwa nimezichapa upande wa shanga.

Boksi la kwanza nimepata maelezo yake, na yanasema wazi kwamba ni poliesta iliyopakwa kwa ajili ya leza. Maswali yangu yaliyobaki ni mawili. Kadi zitatobolewa tundu moja na kukatwa kwa ukubwa wa kiganja. Je, kuna tahadhari? Na je, rangi zitadumu juani?

Mjalidi alijibu:

Kukata ndiyo kazi yangu, na ninaomba usiidharau hatua hiyo, kwa sababu nimeona mchapo mzuri kabisa ukiharibikia mezani kwetu.

Karatasi hizi husifiwa kwamba hazichaniki, na ni kweli maadamu ukingo wake ni mzima. Utando uliovutwa pande mbili hukataa kabisa kuanza kuchanika, lakini ukishapata mwanya mdogo, hata wa upana wa unywele, mpasuko hukimbia moja kwa moja kwa nguvu ndogo mno. Kisu butu huacha ukingo wenye meno madogo usiyoyaona, na kila jino ni mwanzo wa mpasuko. Kwa hiyo noa au badilisha kisu cha mashine ya kukatia kabla ya kazi hii, kata karatasi chache kwa mara moja, na usitumie kisu kilekile kwa karatasi zenye chokaa nyingi ukategemea kibaki na makali. Pembe zote za kadi zizungushwe. Pembe kali ndiyo hupata mwanya wa kwanza inapogongwa mfukoni.

Tundu litobolewe kwa patasi ya duara yenye makali, siyo kwa keekee inayozunguka kwa kasi, kwa maana msuguano huzalisha joto na kuyeyusha kingo mpaka karatasi zinagandana. Liwe mbali na ukingo, angalau milimita sita, na kamwe usikate mfereji ulio wazi kuelekea nje. Ukiweza kulitia pete ya chuma, basi kamba haitausugua ukingo wa tundu.

Kukunja sitalieleza sana kwa kuwa kadi zako hazikunjwi. Nitasema tu kwamba plastiki hukumbuka umbo lake, hasa polipropilini, na kwamba atakayetengeneza kijitabu atalazimika kwanza kuukandamiza mstari wa mkunjo. Ila gundi naomba niigusie kwa ajili ya wasomaji wengine. Gundi ya moto ya kawaida ya kujalidia hupakwa ikiwa na joto linaloweza kuipinda polipropilini, nayo haishiki vizuri kwenye uso usiofyonza. Gundi ya poliurethani hupakwa kwa joto la chini zaidi na hushika vizuri. Kwa vijitabu vyembamba, uzi wenye mishono mirefu ni bora kuliko mishono mifupi ya karibu karibu, ambayo hugeuka mstari wa kuchania.

Lebo_za_Mapipa alijibu:

Kuhusu jua, tenganisha mambo mawili: karatasi na rangi. Plastiki yenyewe huzeeka kwa mionzi ya jua, na polipropilini isiyotiwa kinga huwa dhaifu na kuvunjikavunjika. Poliesta yako itastahimili muda mrefu wa matumizi ya kawaida ya mkononi na mfukoni. Rangi ndiyo itakayotangulia kuondoka. Katika wino wa kawaida wa rangi nne, njano na nyekundu hufifia kwanza, na ndiyo sababu mabango ya zamani hubaki ya buluu. Kwa kazi ya ofseti unaweza kuagiza wino wenye ustahimilivu mkubwa wa mwanga, unaopimwa kwa skala ya sufu ya buluu kuanzia 1 hadi 8, na ukataka 7 au 8. Kwa tona huna uchaguzi mpana hivyo, kwa hiyo ramani yako isitegemee rangi peke yake. Njia ya mguu iwe na mistari ya vipande na mto uwe na mstari mzima, ili hata rangi ikififia mtu asipotee. Maandishi yote yawe meusi. Tona nyeusi hutegemea masizi ya kaboni, ambayo jua haliyawezi.

Iwapo baadaye utahitaji lebo zenye maandishi tu, za kufungwa kwenye sampuli za mimea, acha leza na ofseti utumie printa ya utepe wa joto yenye utepe wa utomvu mtupu, siyo wa nta. Sisi hutumia njia hiyo kwa mapipa ya kemikali yanayosafirishwa baharini, ambapo kiwango cha Uingereza cha BS 5609 hutaka lebo ivumilie miezi mitatu ndani ya maji ya bahari na bado isomeke. Nta hukwaruzika kwa kucha; utomvu ulioyeyuka juu ya utando wa plastiki haukwaruziki kirahisi.

Fundi_Ofseti alijibu:

Umeuliza mwanzoni kama ofseti ndiyo njia sahihi kwa kadi 400, na sikukujibu. Nikiwa mtu wa ofseti nakwambia kwamba siyo. Kuandaa mabamba, kuosha mashine ili kuondoa wino wa kawaida, kufungua kopo zima la wino maalumu na kusubiri siku mbili za kukauka ni gharama inayofaa maelfu ya nakala. Una karatasi ya poliesta iliyothibitishwa na leza iliyokwisha kuipitisha. Chapa kwa hiyo. Zile za polipropilini zilizobaki zihifadhi bapa, mbali na joto, na uandike kwa kalamu juu ya boksi kwamba ni za ofseti tu na upande upi umetibiwa, ili mtu mwingine asije akazitia kwenye printa akidhani ni karatasi.

Wapo watakaokushauri utumie wino unaogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, nao ushauri wao si mbaya, kwa kuwa wino huo huganda papo hapo na hauhitaji kufyonzwa. Taa za zamani za zebaki hutoa joto linaloweza kuipinda polipropilini nyembamba. Taa za LED ni baridi zaidi. Hata hivyo wino kuganda si sawa na wino kushika. Kwa njia yoyote utakayotumia, ngoja saa 24, bandika utepe wa gundi juu ya mchapo, usugue kwa kidole, kisha uuvute kwa kasi. Kwaruza kwa ukucha. Ukunje kipande na kukikunjua. Rangi ikibanduka katika lolote kati ya hayo, usikabidhi kazi.

Jambo la mwisho ni mabaki. Usiyachanganye na karatasi taka. Viwanda vinavyorejeleza karatasi huiloweka mpaka nyuzi ziachane, na plastiki haiachani; huziba vichujio na kuchafua uji wote. Kwa namba za urejelezaji zinazoandikwa kwenye plastiki, mabaki ya poliesta hukusanywa na plastiki za namba 1, ya polithilini nzito na za namba 2, na ya polipropilini na za namba 5, pale ambapo mkusanyaji wako anapokea plastiki iliyochapwa. Zile ramani zilizojikunja nazo ni za namba 5, ikiwa maelezo ya boksi yatathibitisha kwamba ni polipropilini.

Mchora_Ramani aliandika tena:

Nimeshachapa kadi 20 za majaribio kwenye poliesta, kwa mpangilio wa karatasi nzito, nikizipitisha tano tano baada ya kuzipepea. Hakuna iliyoshikana na nyingine. Kesho jioni saa 24 zitatimia na nitavuta utepe. Kumi kati yake nitazilaza usiku kucha ndani ya ndoo ya maji yenye mchanga, kisha nizisugue kwa kitambaa kibichi, kwa sababu hayo ndiyo yatakayozipata porini. Nimebadilisha mistari ya ramani kama nilivyoshauriwa: njia ni vipande, mto ni mzima, mpaka wa msitu ni nukta. Kisu kimekwenda kunolewa. Nitaleta matokeo hapa pamoja na picha za kingo za matundu, maana sehemu hiyo ndiyo iliyowaangusha watafiti mara ya kwanza, na ningependa Mjalidi aikague kabla sijakata zilizobaki.